Katuni Huanza kwa Penseli

Leo nazungumza hasa na ndugu zetu wa kisiwa cha Idjwi, tangu Rubenga kule kaskazini hadi Ntambuka upande wa kusini. Kama redio iko mbali, isogezeni. Kama nyumbani kuna kijana anayejaza daftari la shule michoro, mwiteni akae, maana mazungumzo ya leo ni yake.

Leo tunazungumza juu ya katuni. Na si katuni yoyote, ni zile zinazotengenezwa kwa kompyuta, zile za 3D, ambazo mhusika wake ana mbele na nyuma, ana kulia na kushoto, na kamera inaweza kumzunguka. Tutaifuata kazi hiyo tangu mchoro wa kwanza wa penseli hadi filamu inapokwisha.

Kwanza niwaulize wazazi. Mtoto wako akishika simu yako, anatazama nini? Anatazama katuni. Sasa jiulize: katika katuni hizo zote, amewahi kuona mlima unaofanana na wa kwao? Amewahi kuona mtumbwi wa ziwa Kivu? Amewahi kuona mama aliyebeba mzigo mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, jinsi akina mama wanavyopanda kutoka ziwani kila siku ya soko? Wengi mtanijibu hapana. Na mimi nasema jambo hilo linaniuma, kwa sababu mtoto anayeona wengine tu kwenye picha hujifunza kwamba hadithi ni za wengine.

Mtu ataniambia: katuni za namna hiyo ni kazi ya matajiri. Zamani ilikuwa hivyo. Filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, Toy Story, ilitoka Marekani mwaka 1995, na ilihitaji kampuni kubwa yenye mashine za bei kali sana. Lakini mambo yamebadilika. Iko programu inayoitwa Blender. Mwanzilishi wake ni Mholanzi, Ton Roosendaal. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro laki moja ili programu hiyo iwe ya wote, na tangu hapo ni bure. Unaipakua mara moja, unaiweka kwenye kompyuta, na baada ya hapo huhitaji intaneti ili ufanye kazi. Na msidhani cha bure ni dhaifu. Mwezi wa Machi 2025, filamu ya Flow, hadithi ya paka na wanyama wenzake waliokumbwa na mafuriko, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis wa Latvia, na wenzake waliitengeneza kwa Blender hiyo hiyo ambayo kijana wa Bugarula pale Idjwi anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake.

Basi, kama programu ni bure, mbona hatuoni katuni nyingi kutoka Kivu?

Umeme, mtasema. Kweli. Sisi wa Bukavu tunapata umeme wa Ruzizi na tunajua unavyotukatikia, na kisiwani wengi wanategemea paneli za jua. Kompyuta ni ghali, mtasema. Kweli pia. Lakini iko sababu nyingine, na hii ndiyo ninayotaka mkumbuke leo. Vijana wengi wanaanza mwisho. Kijana akipata kompyuta, siku hiyo hiyo anaanza kuunda kichwa cha mtu. Anatengeneza macho, anatengeneza nywele moja moja, miezi inapita. Kichwa kinapendeza kweli. Ukimuuliza, huyu ni nani, anakwenda wapi, anataka nini, hajui. Na filamu haitoki.

Nisikilizeni vizuri: sehemu kubwa ya filamu hutengenezwa kabla ya kuwasha kompyuta. Hutengenezwa kwa kichwa, kwa penseli na kwa karatasi. Na penseli haiulizi kama umeme upo.

Tena sisi Wakongomani si wageni katika kazi ya katuni. Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Lubefu kule Sankuru, alianzisha Studio Malembe Maa mwaka 1988. Kazi yake haikuwa ya 3D. Aliwakata wahusika wake kwenye karatasi, akawalaza chini ya kamera, akasogeza mguu kidogo, akapiga picha. Akasogeza tena, akapiga tena. Filamu yake ya mwaka 1991 ilitoka katika ngano ya Watetela, ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Baadaye, Kinshasa ilipoporwa Septemba 1991, alitengeneza filamu juu ya siku zile akitumia michoro ya watoto walioziona. Fikirini hilo: michoro ya watoto, na ikawa ushahidi wa nchi.

Na jirani zetu wa Kampala? Raymond Malinga na wenzake wa Creatures Animation walitoa filamu fupi ya 3D mwaka 2017 juu ya Kalabanda, zimwi ambalo wanafunzi wa Uganda wanatishana nalo shuleni. Julai 2023 filamu yake nyingine, Herderboy, ya wachunga ng'ombe wa Uganda ya siku zijazo, ilionyeshwa katika nchi nyingi kupitia Disney+ katika mkusanyo ulioitwa Kizazi Moto. Zimwi la shule na wachunga ng'ombe. Malinga alianza na alichokijua tangu utoto.

Sasa tufanye filamu yetu. Ndiyo, hapa hapa redioni. Nitawapa hadithi fupi ya nusu dakika, halafu tutaifuata hatua kwa hatua.

Hadithi ni hii. Mama amebeba kitunga cha mananasi mgongoni, ukanda uko kwenye paji la uso. Anapanda njia ya mlima, ziwa liko chini nyuma yake. Nanasi moja linachomoka, linaanguka, linaanza kubingirika. Mama analizuia kwa mguu. Sasa yuko taabuni: hawezi kuinama, maana akiinama yote yatamwagika, hawezi kuliacha, maana nanasi ni pesa. Anasimama. Anatokea mtoto, analiokota, analirudisha kitungani. Mama anayumba kidogo kwa uzito ulioongezeka, anajikaza, anaendelea. Mtoto anamfuata nyuma, akilitazama lile nanasi. Basi, imekwisha.

Mnaona? Mhusika mkubwa mmoja, mtoto mmoja, mahali pamoja. Hakuna vita, hakuna jengo linaloanguka, hakuna umati wa watu. Nawaomba vijana: kwa filamu ya kwanza, chagueni hadithi ndogo kiasi hiki. Nusu dakika iliyokamilika ina thamani kubwa kuliko saa moja iliyobaki kwenye mpango. Angalieni tena hadithi yetu: ina taabu ndani yake. Mama anataka vitu viwili ambavyo haviwezekani pamoja. Hapo ndipo mtazamaji anaposhika pumzi.

Hatua inayofuata ni storibodi. Storibodi ni nini? Ni miraba unayochora kwenye karatasi, na ndani ya kila mraba unachora kile ambacho kamera itaona. Chini ya mraba unaandika kinachotokea na sekunde zake. Mshale unaonyesha mtu anakoelekea au kamera inakokwenda. Huhitaji kuwa mchoraji hodari. Watu wa mistari, kichwa mviringo na mwili mstari, wanatosha kabisa mradi ieleweke.

Kwa hadithi yetu ningechora miraba minane. Wa kwanza, mlima wote kutoka mbali, ziwa chini, mama mdogo sana kwenye njia. Wa pili, uso wake karibu, ukanda umebana paji la uso, jasho. Wa tatu, kitunga kwa nyuma, nanasi la juu linaanza kuegemea. Wa nne, karibu na ardhi, nanasi linatua na kubingirika. Wa tano, mguu unalizuia. Wa sita tena uso wa mama: kichwa hakisogei, macho peke yake yanashuka chini. Wa saba, mikono ya mtoto inalichukua. Wa nane, tunawaona wote wawili kutoka nyuma, wanaendelea kupanda.

Mwaona mraba wa sita? Huo ndio moyo wa filamu. Mama hawezi kuinamisha kichwa kwa sababu ya ukanda, kwa hiyo taabu yake yote inasemwa na macho. Mimi ningeuchora mraba huo hata mara kumi mpaka ukae sawa.

Iko kanuni moja ya kamera ambayo wanaoanza huisahau. Ikiwa mama anatembea kutoka kushoto kwenda kulia katika mraba wa kwanza, aendelee kuelekea kulia katika miraba mingine. Ukimgeuza bila sababu, mtazamaji atadhani mama amebadili nia na kurudi ziwani.

Miraba ikikamilika, ibandikeni ukutani. Mwiteni mtu ambaye haijui hadithi: dada, jirani, bibi. Msimwelezee kitu. Mwambieni, nisimulie unachokiona. Akisimulia sawa, endeleeni. Akipotea kwenye mraba wa nne, kosa si lake, ni la mraba wa nne; chora upya. Karatasi ni ya bei ndogo. Kosa hilo hilo mkiligundua ndani ya kompyuta, baada ya majuma ya kazi, mtalia.

Na storibodi ina faida nyingine kubwa, ambayo kwangu ndiyo inayoifanya iwe rafiki wa mtu asiye na umeme wa kutosha. Inakuambia usichotakiwa kutengeneza. Tazameni: uso wa mtoto hauonekani karibu hata mara moja katika miraba yetu. Kwa nini basi upoteze siku nyingi ukimpa uso unaoweza kucheka na kulia? Mikono yake ndiyo inayoonekana karibu. Itengenezwe vizuri, vidole vyote. Kwa mama ni kinyume, uso na miguu ndiyo yenye kazi. Ziwa liko mbali, kwa hiyo linaweza kuwa picha tu, na tutakuwa tumekwepa maji, ambayo ni kazi ngumu sana kwa kompyuta ndogo. Mama tutamfunga kitambaa kichwani, na hapo tumekwepa nywele. Kitenge chake kimefungwa kwa kubana, kwa hiyo hatuhitaji kompyuta ipige hesabu ya kitambaa kinachopepea. Hayo yote tumeyaamua tukiwa bado na penseli.

Kuna atakayenijibu kwamba yule Zilbalodis wa Flow hakuchora storibodi, aliingia moja kwa moja kwenye kompyuta akatafuta picha zake kwa kamera ya humo. Ni kweli. Lakini alikuwa na miaka mingi ya mazoezi, alikwisha kutengeneza filamu nyingine ndefu peke yake, na umeme haukumkatikia kila jioni. Hata yeye alipanga filamu nzima kwa picha za harakaharaka kabla ya kuitengeneza kwa makini. Mpango ulikuwapo. Kwa kijana wa Idjwi mwenye saa chache za umeme, mimi nasema: karatasi kwanza.

Sasa sauti. Watu wengi wanadhani sauti yote inawekwa mwishoni, lakini si hivyo. Maneno ya wahusika hurekodiwa mapema, kabla ya mhusika kuanza kutembea, kwa sababu midomo na mwili vinafuata sauti, si sauti ifuate midomo. Mama yetu hasemi, lakini anapumua, anaguna, anasema "ee!" nanasi linapoanguka. Hiyo "ee!" ya mama wa Kihavu ina wimbo wake, na hakuna kompyuta itakayoibuni. Kamrekodini mama mwenyewe. Simu inatosha, mradi chumba kiwe kidogo na chenye magodoro au mablanketi ya kuzuia mwangwi. Dar es Salaam, kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza mwaka 2014, kimefundisha watoto hesabu na sayansi kwa wahusika wanaozungumza Kiswahili cha kila siku, na watoto wakawakubali kuwa ni wao. Filamu yenu inaweza kusema Kihavu, ikasema Mashi, ikasema Kiswahili chetu cha Kivu.

Baada ya sauti, piga picha miraba ya storibodi kwa simu, zipange moja baada ya nyingine katika programu ya kuhariri video, kila picha ikae sekunde zake, weka na sauti. Tayari una filamu isiyotembea. Mafundi wanaiita animatiki. Itazame mara nyingi. Hapo utagundua kwamba mraba wa pili ni mrefu, unachosha, na mraba wa sita umepita haraka. Rekebisha. Mpaka hapa tumetumia umeme wa kuchaji simu tu. Na mimi nasema nusu ya filamu imekwisha.

Sasa ndipo tunawasha kompyuta.

Kazi ya kwanza ni kuunda mwili. Unachora mama kwa mbele na kwa ubavu, unaweka michoro hiyo ndani ya programu, na juu yake unavuta na kukata umbo mpaka lifanane. Hapa sitakaa sana. Masomo ni mengi kwenye intaneti, yapakueni mkiwa mahali penye mtandao. Watu wa Idjwi mtakumbuka kwamba mwaka 2016 kisiwa kilipata mtandao wa jamii, Pamoja Net, kwa hiyo intaneti si jambo geni kwenu. Ila nawaomba jambo moja: rangi na maua ya kitenge msiyachukue kwingine. Tandikeni kitenge cha mama kivulini, kipigeni picha kwa simu kutoka juu, picha hiyo ndiyo mvishe mhusika wenu.

Kisha mwili unatiwa mifupa. Ndiyo, mifupa, ndani ya umbo: uti wa mgongo, shingo, mapaja, nyayo. Ukivuta mfupa, nyama inafuata. Kwa mama yetu kuna jambo la pekee: kitunga na ukanda vifungwe kwa namna ambayo kichwa kikisogea kitunga kinasikia, na kitunga kikivuta kichwa kinasikia. Jaribuni hilo mapema kabla ya kuendelea.

Sasa tumefika penye utamu, mahali ambapo mhusika anapata uhai. Sinema inaonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Wewe huchori zote. Unaweka mhusika katika mikao mikuu, hapa ameweka mguu, hapa ameinua, na kompyuta inajaza katikati. Kwanza unaweka mikao mikuu tu, bila kulainisha, kama fundi wa nguo anavyoshikiza kwa uzi wa muda kabla ya kupitisha cherehani. Ukiona mikao imekaa sawa na sekunde ziko sawa, ndipo unaendelea.

Na hapa kompyuta itakudanganya. Itajaza katikati kwa ulaini, na mama wako atateleza juu ya njia, hana uzito. Uzito unautia wewe. Utaupata wapi? Kwa kutazama.

Ee kijana, nenda njiani siku ya soko. Mwombe mama ruhusa, mweleze unachofanya, mpige video kwa ubavu hatua kadhaa, na ukimaliza mpokee mzigo umsindikize. Halafu kaa na video yako uitazame picha moja moja. Utaona nini? Utaona mwili umeinama kutoka kiunoni, lakini shingo imekaza na kichwa hakichezi. Utaona mikono haiyumbi. Imepanda, vidole vimeshika ukanda karibu na masikio. Hatua ni fupi. Nyayo zinakaa chini muda mrefu, na kuna kitambo ambapo miguu yote miwili iko ardhini pamoja, kwa sababu mwenye mzigo haruki. Akisimama, yeye anasimama kwanza, kitunga kinasogea mbele kidogo halafu kinatulia. Akianza tena, goti linakaza kabla mguu haujanyanyuka.

Mwendo huo hautaupata tayari kwenye programu yoyote. Mienendo inayouzwa na kugawiwa kwenye mtandao kwa kawaida ni ya mtu mwenye mikono mitupu inayoning'inia, kwenye barabara tambarare. Ukimvika mama wa Idjwi mwendo huo, kila mtu kisiwani atajua kwamba si yeye. Narudia: uzito hupatikana kwa kutazama. Wahuishaji wawili wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliandika mwaka 1981 kitabu kikubwa juu ya kanuni za kazi hii, na ndani yake mambo ya uzito, ya mwili kujiandaa kabla ya kutenda, ya kitu kuchelewa kutulia, yamepewa nafasi kubwa. Mama zetu wanayaonyesha yote njiani kila siku ya soko.

Na nanasi? Nanasi si mpira. Lina shada la majani upande mmoja. Likibingirika halinyooki, linazunguka upande, linapiga kona, linaruka linapokanyaga majani yake. Chukueni nanasi, liachieni mlimani mara kadhaa, tazameni. Kisha lileni.

Halafu inakuja ile sehemu ya mwisho, mtoto analirudisha nanasi kitungani. Hapa ukanda unavutwa nyuma kidogo. Kichwa kinakwenda nacho, unene wa kidole tu. Magoti yanalegea, yanakaza. Mama anapumua. Sekunde moja na nusu, labda mbili. Kama mtazamaji ataona uzito wa nanasi lile moja, basi ameona uzito wa kitunga kizima.

Baada ya hapo ni mwanga. Amueni ni saa ngapi: asubuhi, jua liko chini, vivuli virefu. Taa moja ya jua na mwanga hafifu wa anga vinatosha.

Kisha kompyuta inaanza kuzipiga picha za mwisho, moja baada ya nyingine, na hapa nawaomba wenye umeme wa wasiwasi mtege masikio. Nusu dakika kwa picha 24 kila sekunde ni picha 720. Kompyuta ikichukua dakika mbili kwa kila picha, ni saa 24 kamili. Nani ana umeme wa saa 24 mfululizo? Wachache. Basi fanyeni mambo mawili. La kwanza, Blender ina njia ya haraka ya kupiga picha, inaitwa EEVEE, na ndiyo iliyotumika kwenye Flow. Itumieni, na sekunde zitachukua nafasi ya dakika. La pili, ambalo ni kubwa zaidi: msiiambie kompyuta itoe faili moja la video. Iambieni itoe picha moja moja, kila moja na namba yake. Kwa nini? Kwa sababu umeme ukikatika kwenye picha ya 700, faili la video linaweza kuharibika lote, lakini picha 699 ziko salama kwenye folda. Umeme ukirudi, unaanza pale pale ulipoachia. Fanyeni kazi usiku huu saa tatu, kesho saa nne, keshokutwa tena. Picha zitajipanga zenyewe mpaka zitimie.

Na kila jioni, kabla ya kufunga, hifadhini kazi kwa jina jipya lenye namba, na nakala moja iende kwenye flashi ambayo haikai nyumba moja na kompyuta. Kompyuta huibiwa, huanguka majini, huungua. Filamu isife pamoja nayo.

Picha zikitimia, zinaunganishwa, zinawekewa sauti: hatua kwenye kokoto, pumzi, ndege, na kwa mbali, kutoka ziwani, nyimbo za wavuvi wa sambaza wanaporudi na mitumbwi yao iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Sauti hizo zirekodini kisiwani kwenyewe. Ndipo filamu imekwisha. Itazameni kwanza pamoja na yule mama mliyempiga video. Yeye ndiye mwamuzi wa kwanza.

Wasikilizaji wangu, muda unanibana, nirudie kwa ufupi kwa waliochelewa. Hadithi ndogo yenye taabu ndani yake. Storibodi ya penseli. Sauti na animatiki kwa simu. Mwili na mifupa, mkitengeneza kile tu ambacho storibodi inadai. Mwendo kwa kutazama watu wetu. Mwanga, picha moja moja, sauti za mahali.

Sasa ninyi wakuu wa shule na mapadri wa parokia za kisiwa, kama mahali penu pana paneli na kompyuta hata moja, wafungulieni vijana watatu au wanne kwa saa mbili jioni. Wazazi, mtoto akiomba karatasi za kuchorea, msimwambie anacheza. Na wewe bibi unayetusikiliza, wasimulie ngano zile za sungura na fisi kabla hazijasahauliwa, na wao wazichore.

Vijana, nawapa kazi ya juma moja: miraba minane, hadithi yenu, penseli tu. Ibandikeni ukutani na mumwite mtu aisimulie. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kurekodi sauti nzuri kwa simu, na wenye miraba tayari ndio watakaofaidika zaidi. Kwaherini, na usiku mwema.